Jinsi ya kujaribu dawa ya meno ya kung'arisha nyumbani na kupata jibu la kuaminika

Malalamiko juu ya dawa za meno za kung'arisha huja kwa sura mbili. Mmoja anasema ametumia wiki nzima bila kuona mabadiliko yoyote, na mwingine anaapa kwamba meno yake yalibadilika siku ya pili tu. Ukiwauliza walilinganisha na nini, wote wawili hawana jibu: walijitazama kwenye kioo cha bafuni, chini ya taa yenye mwanga wa manjano, wakahukumu kwa kumbukumbu. Jicho halitunzi rangi, na kwa hiyo jaribio la namna hiyo haliwezi kukuambia kama dawa imefanya kazi au la.

Utaratibu ufuatao unachukua wiki nane, na gharama yake haizidi sana bei ya dawa yenyewe. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla tyubu haijafunguliwa.

## Vitu vya kuandaa

- Tyubu moja ya dawa ya kung'arisha. Usinunue aina mbili kwa pamoja, kwa sababu hutajua ipi imefanya nini.
- Dawa yako ya kawaida yenye floraidi, ile uliyoizoea.
- Miswaki miwili mipya ya aina moja, yenye nywele laini. Mmoja ni wa wiki mbili za mwanzo, wa pili ni wa wiki sita zinazofuata.
- Simu yenye kamera, na mahali pa kuiegemeza isitikisike.
- Karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu.
- Kadi ya rangi za kuta kutoka duka la rangi, ile yenye vipande vya nyeupe, krimu na maziwa. Maduka mengi huitoa bure.
- Uzi wa meno, kioo kidogo cha mkononi na daftari.

Kadi ya rangi inastahili maelezo. Madaktari wa meno hulinganisha rangi kwa kutumia seti ya vipande vinavyofanana na meno, na seti iliyozoeleka zaidi duniani, ya VITA, ina rangi 16. Kadi ya rangi ya ukuta haiwezi kuchukua nafasi ya seti hiyo, lakini ina faida moja kubwa: haibadiliki. Ikionekana kwenye kila picha, utajua kama kilichobadilika ni jino au ni mwanga wa siku ile. Itunze ndani ya bahasha, kwa kuwa jua huipausha.

## Hatua ya 1: Tambua doa limekaa wapi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hakuna dawa itakayorekebisha kosa hilo baadaye. Rangi ya jino hutokana na tabaka mbili. Juu kuna enameli, ambayo ni ngumu na hupitisha mwanga, na chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ina umanjano. Dawa ya meno inayokaa kinywani kwa dakika mbili kazi yake karibu yote huishia kwenye uso wa enameli. Doa likiwa juu, lina nafasi ya kutoka. Likiwa ndani, unaweza kusugua mwaka mzima bila faida.

Chukua kioo kidogo, simama karibu na dirisha, vuta mdomo wa chini kwa kidole na utazame nyuma ya meno ya mbele ya chini. Madoa ya juu hupenda kukaa hapo, kwenye mstari wa fizi na katika nafasi kati ya jino na jino, kwa sababu ni sehemu ambazo mswaki hauzifikii vizuri. Mara nyingi huwa ni mistari au mabaka ya kahawia yasiyo na mpangilio. Wanaokunywa chai ya rangi au kahawa chungu kila siku, wanaotafuna tambuu au miraa, wavutaji wa sigara na watumiaji wa ugoro huyapata zaidi. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini pia huacha madoa ya aina hii, vivyo hivyo dawa ya maji ya kuongeza madini ya chuma.

Madoa ya ndani yana dalili tofauti. Yakiwa yanafanana kwenye meno ya kulia na ya kushoto, yakiwa na mabaka meupe kama chaki pamoja na kahawia, na mwenyewe ulikulia Arusha, chini ya Mlima Meru, Nakuru au sehemu nyingine ya Bonde la Ufa, basi yaelekea ni athari ya floraidi nyingi katika maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini visima na chemchemi nyingi za ukanda huo wa volkano huvuka kiwango hicho. Athari huingia jino likiwa bado linajengwa chini ya ufizi, utotoni, na hakuna dawa ya meno inayoifuta. Yeyote anayeuza dawa kwa ahadi hiyo huko Arumeru anawadanganya watu.

Mikanda ya kijivu au kahawia inayokata jino kwa upana huweza kutokana na tetrasaiklini, aina ya antibiotiki, iliyotumika utotoni au wakati mama alipokuwa mjamzito. Jino moja tu lililogeuka kuwa jeusi au kijivu, hasa kama liliwahi kugongwa, linahitaji daktari wa kinywa na meno mapema, kwa kuwa huenda limekufa ndani. Umanjano wa jumla unaoongezeka kadiri umri unavyosonga mara nyingi ni dentini inayoonekana zaidi baada ya enameli kulika.

Usisahau chonge. Kwa watu karibu wote, chonge zina umanjano zaidi kuliko meno ya mbele, na huko si kuugua wala uchafu.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika kwenye daftari sentensi moja iliyo wazi, kwa mfano: "Madoa ya kahawia kwenye mstari wa fizi, meno manne ya mbele ya chini, upande wa ndani." Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, bado hujajua unachokijaribu.

## Hatua ya 2: Hakikisha kinywa kiko tayari

Ahirisha jaribio ikiwa una jino lililotoboka, fizi zinazotoka damu kila unapopiga mswaki, vidonda mdomoni, au meno yanayotiwa ganzi na maji baridi. Dawa za kung'arisha nyingi zina chembe zinazosugua zaidi, na baadhi zina peroksidi, kemikali ya kupausha; vyote viwili huweza kuzidisha maumivu kwenye mzizi ulioachwa wazi na ufizi uliorudi nyuma.

Pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya chini. Ukihisi ukwaruzo mgumu kama ukuta, huo ni ugaga, na hautoki kwa mswaki. Uondoe kwanza kwa daktari. Inatokea mtu anasafishwa ugaga na kugundua kuwa hakuwa na haja ya dawa ya kung'arisha hata kidogo.

Watoto wasihusishwe katika jaribio hili.

## Hatua ya 3: Soma boksi kabla ya kulipa

Maneno makubwa ya mbele ya boksi yanauza. Maandishi madogo ya nyuma ndiyo yanayoeleza. Tafuta mambo matano.

Kwanza ni floraidi. Kwa mtu mzima, tafuta kiasi kati ya 1,000 na 1,500 ppm, yaani sehemu kwa kila milioni. Baadhi ya dawa za kung'arisha, hasa zinazojiita za asili, hazina floraidi kabisa, na kubadilisha kinga dhidi ya kutoboka kwa ajili ya rangi ni biashara mbaya.

Pili ni chembe za kusugua, ambazo kwa kawaida ni silika au kalsiamu kaboneti, na wakati mwingine sodiamu baikaboneti. Hizi ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kuondoa madoa ya juu. Kuna kipimo cha kimataifa cha ukali wa usuguaji kwenye dentini, kiitwacho RDA kwa kifupi, na kiwango cha juu kinachokubalika katika viwango vya ISO ni 250. Maboksi mengi hayaandiki namba hiyo, kwa hiyo chukulia kwamba dawa iliyoandikwa kuwa ina nguvu zaidi inasugua zaidi, na uitumie kwa mkono mwepesi.

Tatu ni peroksidi. Katika Umoja wa Ulaya, bidhaa za kinywa zinazouzwa moja kwa moja kwa mnunuzi haziruhusiwi kuvuka asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksidi. Kuanzia hapo hadi asilimia 6 ni lazima zipitie kwa daktari wa meno. Ukikuta mtandaoni dawa inayojisifu kwa asilimia kubwa bila maelekezo yoyote ya daktari, iache.

Nne ni rangi ya bluu, ambayo huandikwa CI 74160. Bluu hii hubaki juu ya jino kama utando mwembamba na kuufanya umanjano usionekane sana. Haidhuru jino, lakini haiondoi doa lolote, na ndiyo siri ya wale wanaoapa kwamba meno yalibadilika siku hiyo hiyo. Hatua ya 5 imepangwa ili bluu isikudanganye.

Tano, angalia alama ya ubora ya TBS au KEBS, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama tyubu imefungwa vizuri. Kile kipande kidogo cha rangi kwenye mkunjo wa chini wa tyubu, ambacho ujumbe wa WhatsApp husema kinaonyesha kama dawa ni ya asili au ya kemikali, hakina maana hiyo. Ni alama inayosomwa na mashine kiwandani ili ijue mahali pa kukata na kukunja.

## Hatua ya 4: Wiki mbili bila dawa mpya

Hapa wasomaji hukosa subira. Kwa wiki mbili, tumia mswaki mpya na dawa yako ya zamani, ukipiga mswaki kwa namna iliyoelezwa katika Hatua ya 6. Piga picha siku ya kwanza, kwa utaratibu wa Hatua ya 5, uiite A. Piga nyingine mwisho wa wiki ya pili, uiite B.

Sababu ni kwamba mtu anayeanza dawa mpya hubadilisha mengi bila kujijua. Anapiga mswaki kwa muda mrefu zaidi, anafika sehemu alizokuwa akiziruka, anakumbuka kupiga usiku. Mambo hayo peke yake huondoa madoa. Usipoyatenga, sifa zote zitaiendea tyubu.

## Hatua ya 5: Piga picha zinazolinganishika

Chagua dirisha moja lisilopigwa na jua moja kwa moja, na saa moja isiyobadilika, kwa mfano saa tatu asubuhi. Zima taa zote za chumbani. Piga picha asubuhi kabla ya mswaki, baada ya kusukutua kwa maji matupu, ili bluu na mng'ao wa dawa visiwe bado viko juu ya meno.

Egemeza simu usawa wa mdomo, umbali wa mkono mmoja. Zima mwako wa kamera, na zima kabisa kile kipengele cha kulainisha sura, ambacho simu nyingi hukiwasha zenyewe na ambacho hung'arisha meno bila ruhusa yako. Shika karatasi nyeupe chini ya kidevu na kadi ya rangi kando ya mdomo. Bonyeza kwenye kioo cha simu mahali pa karatasi na ushikilie, ili kiwango cha mwanga kijifunge.

Sasa pitisha ulimi juu ya meno, vuta midomo kwa vidole viwili, na piga picha mara moja. Usikae mdomo wazi ukitafuta pozi. Jino likikauka hata kwa muda mfupi huwa jeupe kuliko lilivyo, kisha hurudi kwenye rangi yake mate yakirejea; picha ya jino kavu na picha ya jino lenye mate haziwezi kuwekwa pamoja.

Usipake rangi ya mdomo siku hiyo, na vaa nguo ile ile kila mara. Rangi zilizo jirani huhadaa jicho, na mdomo mwekundu hufanya meno yaonekane meupe zaidi.

Umefaulu ikiwa picha mbili zilizopigwa siku mbili mfululizo zinafanana kiasi kwamba huwezi kuzitofautisha. Zikitofautiana, tatizo ni mwanga au simu. Rekebisha kabla ya kuendelea, kwa sababu kuanzia hapa kila kitu kinategemea picha.

## Hatua ya 6: Tumia dawa kwa wiki sita

Weka dawa kiasi cha punje ya njegere kwenye mswaki mkavu. Dawa nyingi zaidi huleta povu jingi, na povu humfanya mtu ateme mapema kabla muda haujafika.

Laza mswaki uelekee ufizi kwa mshazari, nusu ya nywele zikigusa jino na nusu zikigusa mpaka wa ufizi. Sogeza kwa mitetemo midogo, meno mawili au matatu kwa wakati, kisha fagia kuelekea ncha ya jino. Anza na sehemu uliyoiandika katika Hatua ya 1. Watu wengi huanzia mbele kwenye tabasamu na kumalizia nyuma wakiwa wameshachoka, ilhali madoa mengi yako nyuma.

Tumia dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, kwa kutazama saa. Mkono uwe mwepesi: nywele za mswaki zikianza kupinda kwenda pembeni baada ya wiki chache, unabonyeza mno. Mwisho, tema, wala usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki juu ya meno. Uzi wa meno upite kila usiku kabla ya mswaki, kwa kuwa hakuna dawa inayoingia katikati ya meno yaliyobanana.

Baada ya soda, ndimu, ukwaju au embe mbichi, subiri angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Asidi hulainisha uso wa enameli kwa muda, na kusugua wakati huo huuondoa.

Usiache kahawa wala chai ghafla kwa ajili ya jaribio. Ukiacha, nusu ya mabadiliko itatokana na hilo. Endelea kama kawaida, ukiandika tu kama kuna wiki ambayo ulikunywa zaidi.

### Vitu vya kutochanganya

Usiongeze ndimu. Maji yake yana pH ya karibu 2, na enameli huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya takriban 5.5. Jino hung'aa siku mbili tatu kwa sababu uso wake umechubuliwa, kisha umanjano huongezeka, kwa kuwa enameli iliyobaki ni nyembamba na dentini inaonekana zaidi. Uharibifu huo haurudi nyuma.

Usiongeze mkaa uliosagwa pia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani hayakupata ushahidi wa kutosha wa usalama wala manufaa yake, na chembe zake hukwama kwenye nyufa na kingo za meno yaliyozibwa, zikaacha mistari myeusi.

### Lini usimamishe

Ganzi kidogo inayopita ndani ya sekunde chache si jambo la ajabu. Punguza hadi mara moja kwa siku na utumie dawa ya kawaida mara ya pili. Maumivu yanayodumu baada ya maji baridi kuondoka, fizi zinazobadilika kuwa nyeupe au kuchubuka, au vidonda vinavyojirudia, ni sababu ya kuacha kabisa. Vidonda huweza kusababishwa na kitoa povu kiitwacho sodiamu lorili salfeti. Baadhi ya watu hupona wakihamia dawa isiyo nacho.

## Hatua ya 7: Soma matokeo bila kujipendelea

Mwisho wa wiki ya sita ya dawa mpya piga picha C. Zikate zote tatu zibaki meno, karatasi na kadi, kisha mpe mtu asiyejua mpangilio wake azipange kuanzia yenye meno ya njano zaidi hadi meupe zaidi. Usimsaidie, wala usimtazame usoni anapochagua. Wewe umelipia dawa na umesubiri wiki nane. Macho yako si shahidi wa haki.

Akishindwa kuzitofautisha, dawa haikubadilisha kitu kwenye doa ulilo nalo. Picha B ikiwa nyeupe kuliko A lakini C ikalingana na B, aliyefanya kazi ni mswaki na subira yako, na unaweza kubaki na dawa ya zamani. C ikiwa bora kuliko B, dawa ina mchango wake.

Mafanikio ya kweli huonekana hivi: mistari ya kahawia kwenye fizi imetoweka au imefifia, nafasi za kati ya meno zimekuwa safi, na rangi ya jumla imesogea kidogo kuelekea kipande cha kadi kinachofuata. Meno yenye weupe wa karatasi hayatokani na dawa ya kupiga mswaki, kwa sababu rangi ya dentini iko pale pale.

## Baada ya wiki nane

Dawa ikifanya kazi, usiigeuze kuwa ya kudumu mara mbili kwa siku. Madoa ya zamani yakishaondoka, kinachosuguliwa ni jino. Itumie mara mbili au tatu kwa wiki, na siku nyingine urudi kwenye dawa ya kawaida yenye floraidi.

Isipofanya kazi, usikimbilie aina nyingine yenye maneno makali zaidi, kwani nyingi zinatumia chembe zile zile. Nenda kwa daktari wa kinywa na meno ukiwa na picha zako tatu na ile sentensi ya Hatua ya 1. Kwa madoa ya juu atakusafisha. Kwa umanjano wa ndani huweza kukutengenezea kibao cha plastiki kinachokaa juu ya meno pamoja na jeli ya peroksidi, ambayo hukaa kwa saa kadhaa na kupenya enameli, jambo ambalo dawa ya dakika mbili haiwezi. Kwa athari ya floraidi ziko njia za kuondoa tabaka jembamba la juu kwa asidi na unga wa kusugua, au kufunika jino kwa kifuniko chenye rangi inayolingana.

Mwambie mapema kama una kava, yaani kifuniko cha bandia cha jino, au jino la mbele lililozibwa. Vitu hivyo havibadiliki rangi kwa dawa yoyote, na vikihitaji kubadilishwa, hubadilishwa baada ya meno mengine kung'arishwa na kupumzika kwa takriban wiki mbili, ili rangi itulie na gundi ishike.